Fundi Banza Kaluba: Dakika Ishirini Juu ya Nguzo

Tarehe 31 Machi 1989, saa kumi jioni, Baba Banza Kaluba atakabidhi ngazi, mkanda na funguo zake. Atakuwa ameitumikia idara yetu ya simu hapa Lubumbashi kwa miaka thelathini na mmoja.

Aliajiriwa mwaka 1958 kama mbeba ngazi, akiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja. Leo hakuna mtaa, kuanzia Katuba hadi Ruashi, ambao hajapanda nguzo zake. Ndiye aliyegundua kwamba simu za mtaa wetu wa Kenya zilikuwa zinakatika kila Jumapili kwa sababu mbuzi wa mchungaji alitafuna waya wakati mwenyewe yuko ibadani. Ndiye pia aliyefungua sanduku moja kule Katuba, akakuta nyuki, akalifunga taratibu na kuandika kwenye ripoti: "Laini zote zinatumika."

Alikuwa na ukaidi mmoja tu. Hakukubali mtu amshikie ngazi. Aliifunga mwenyewe kwa kamba, na ukisogea alifoka: "Wee, toka hapo chini! Kwenu hawakuhitaji?" Tulidhani anaogopa kutuangushia koleo kichwani, na tukamtania miaka yote hiyo.

Wiki tatu zilizopita nilimwendea na kalamu nikamwuliza, kwa ajili ya maandishi haya, ni kazi gani iliyokuwa ngumu kuliko zote. Nilitegemea anitajie mvua za mwaka 1974. Akasema, "Hospitali ya masista. Desemba ya sitini na moja." Aliyonieleza baada ya hapo yameninyima usingizi.

Wazee mnakumbuka. Nchi ilikuwa na siku kumi na moja tu za uhuru jimbo letu lilipotangaza kujitenga. Umoja wa Mataifa ulileta askari wa kofia za buluu kulinda amani, na kufikia Desemba ile walinda amani na wanajeshi wa jimbo walikuwa wakipigana katika mitaa yetu. Hospitali ya masista ilibaki katikati. Simu yake ilikuwa imekatika, na kila upande uliamini kwamba adui amejificha humo.

Sista Godelive, muuguzi mkuu, alimtuma mtu kwa baiskeli aje karakana kuomba fundi. Walikwenda wawili: Banza, na Kalenga Mwepu, fundi wa miaka arobaini aliyemfundisha kazi. Kalenga alishika ngazi, Banza akapanda.

Huko juu alikuta kiungo kimeungua. Hakikufaa tena, kwa hiyo akazishika ncha mbili za waya kwa vidole. Kila kengele ilipopigwa, umeme ulimchoma hadi kwenye kiwiko. Kwa simu ndogo ya kupimia laini aliyoitundika shingoni, akamwomba opereta awaweke sista, walinda amani na wanajeshi wa jimbo kwenye laini moja.

"Nani anaongea?" aliuliza Kapteni Lindvall, Msuedi aliyewaongoza walinda amani upande ule.

"Mtu wa simu, mkubwa. Hospitalini hamna askari. Kuna wagonjwa sitini na watatu."

"Acha uongo!" akafoka Sajini Muteba wa wanajeshi wa jimbo. "Wale wa kofia za buluu wamejaa mle mpaka jikoni!"

"Jikoni nipo mimi," sista akadakia, "na hata unga wa kusongea bukari umekwisha!"

Muteba akauliza, "Na wewe, fundi, uko wapi?"

"Juu ya nguzo, katikati yenu."

"Yule mwenye shati jeupe? Shuka, mwendawazimu! Vijana wangu wamekulenga tangu ulipopanda!"

"Nikishuka laini inakufa, mkubwa. Pataneni kwanza."

Wakapatana. Bunduki zitulie nusu saa, malori ya walinda amani yawatoe wagonjwa, na watu wa Muteba watazame tu. Lori la kwanza lilikuwa linakata kona risasi moja ilipolia. Mpaka leo hakuna ajuaye ilitoka wapi. Ilimpata Kalenga tumboni.

"Si sisi!" Muteba akapiga kelele kwenye simu. "Wala sisi!" Lindvall akajibu. Banza aliwasihi wasirudishe hata risasi moja, huku akimwona mwalimu wake ameketi chini, ameegemea nguzo, damu inamtoka.

"Kaka, nashuka!"

"Kaa hapo hapo, mdogo wangu," Kalenga akasema. "Shika waya. Ukiachia, wale wote wamekwisha."

Alishika dakika ishirini. Mgonjwa wa mwisho alipotoka, alishuka akamkuta Kalenga ameshakata roho. Lindvall alikuja mwenyewe, akavua kofia yake ya buluu, wakambeba pamoja. Ng'ambo ya barabara watu wa Muteba walisimama kwenye handaki lao, bunduki chini, wakitazama. Nusu saa ikaisha. Mapigano yakaanza tena.

Nilikimbilia kabati la majalada nitafute jina la Kalenga. Nililipata. Karani fulani wa siku zile aliandika: "Aliacha kazi bila taarifa, Desemba 1961."

Nilipomwambia Baba Banza, aliketi chini. Hakuwa anajua. Nilimwuliza angependa zawadi gani ya kumuaga, baiskeli au nyingine. Akasema, "Rekebisheni hilo. Baiskeli ninayo."

Jumatatu iliyopita mkuu wa karakana aliukata mstari ule mbele yetu sote na kuandika: "Alifia kazini, akiokoa watu sitini na watatu." Mtoto wa Kalenga, ambaye sasa ni mwalimu mjini Likasi, aliusoma mstari mpya kwa sauti. Baba Banza alimshika mkono, akalia waziwazi, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Baba Banza, tumefanya kazi nawe miaka mingi bila kukujua. Utusamehe, na asante. Nenda Bukama na mkeo, Mama Numbi, mkale samaki wa mto Lualaba, na maisha yenu yawe mema na marefu.

Chola Kapembwa, karani, kwa niaba ya mafundi wote wa karakana ya laini.