Gauni Ambalo Mama Taratibu Hakuliharibu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyekuwa akifua hariri. Alifua hariri nyumbani kwake, kwa mikono, kwa miaka kumi na tisa. Wateja walimwita Mama Taratibu, na mumewe naye akaishia kumwita hivyo hivyo. Alifariki Jumanne iliyopita. Na niwaambie mapema, leo msitarajie maneno matamu kutoka kwangu. Nina uchungu, na sababu mtaijua.

Alifulia kwenye kibaraza cha nyuma. Palikuwa na beseni la bluu, taulo tatu nyeupe na kamba iliyofungwa kivulini. Maji ya baridi. Kifuniko kimoja cha sabuni laini ya kuogeshea watoto. Hakusugua, hakukamua. Aliizamisha nguo, akainyanyua, akaisuuza kwa maji yenye matone ya siki, kisha akaiviringisha kwenye taulo na kuikandamiza. "Ukiianika juani," alikuwa akiwaambia wateja, "ujue unaianika kwa mara ya mwisho."

Mumewe anasema: "Nyumba ile mimi na soksi zangu tulikuwa wapangaji tu. Siku moja niliziloweka kwenye beseni la bluu. Chakula cha siku hiyo nilijipikia mwenyewe."

Kabla hajagusa doa, Mama Taratibu aliuliza swali moja: "Umelipaka nini?" Mdogo wake anakumbuka vizuri. "Dada doa la chai halikumtisha hata kidogo. Kilichomtisha ni vile mwenye nguo alivyohangaika nalo kabla ya kuja kwake." Baada ya swali, alijaribu sabuni kwenye pindo, upande wa ndani, pasipoonekana. Akasubiri. Pindo likiwa salama, ndipo alipoanza kazi.

Miaka kumi na moja iliyopita, mteja mmoja alimletea gauni la hariri, rangi ya maziwa. Lilikuwa la kuvaa kwenye harusi ya mwanawe. Lilikuwa na doa la chai kifuani, na lilinukia manukato tele. Umelipaka nini? "Sijalipaka kitu, mama." Mama Taratibu akajaribu kwenye pindo. Pindo likawa salama. Akalizamisha gauni. Alipolinyanyua, kitambaa cha kifuani kilimbakia mikononi vipande vipande, kama karatasi iliyolowa.

Mteja alikuwa amelimwagia doa lile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kisha akaifunika harufu kwa manukato. Dawa ile huila hariri. Pindoni haikufika, kwa hiyo pindo halikuonyesha lolote. Narudia: gauni lilikuwa limeshaharibika kabla halijamfikia Mama Taratibu.

Mteja akaandika malalamiko, akayaleta hapa redioni. Nani aliyasoma? Mimi. Nilikuwa na kipindi cha malalamiko ya wateja, saa nne asubuhi. Nikataja jina lake la utani. Nikataja mtaa. Nikataja mpaka rangi ya geti lake. Nikatia na chumvi yangu: "Taratibu gani hiyo ya kuchana nguo za watu?" Studio nzima tukacheka. Upande wake sikumuuliza. Narudia, sikumuuliza.

"Mama alikuwa anasikiliza," binti yake aliniambia juzi. "Alikuwa anapiga pasi blauzi ya mtu, kwa upande wa ndani. Akaizima pasi. Wateja walianza kuja mchana huo huo. Kila mmoja anasema kapita tu kuchukua nguo yake, ana haraka. Wengine walizichukua zikiwa bado mbichi."

Haukupita mwezi, kamba ikabaki tupu. Akaenda kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni, mpaka mgongo ukamshinda.

Sijamaliza, wasikilizaji. Msichana wa kazi wa yule mteja dhamiri ilimsuta, akaenda kumweleza Mama Taratibu habari ya ile dawa. Mama Taratibu akaniandikia barua. Niliisoma. Nikampigia simu mteja, na hakukana. Alisema, "Ah, mtangazaji, yaishe bwana, harusi yenyewe imeshapita." Mimi nikaona haya kujisahihisha mbele yenu. Nikaitia barua kwenye droo. Kila wiki nikasema wiki ijayo. Miaka kumi na moja nikisema wiki ijayo!

Juzi nilikwenda msibani na rambirambi niliyoiandika vizuri. Binti yake akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Maneno mazuri hatuyahitaji. Wewe soma barua ya mama. Mpaka mwaka huu, saa nne ikifika, alikuwa anaongeza sauti ya redio."

Basi naisoma. Ni fupi.

"Mtangazaji, salamu. Gauni lile sikuliharibu mimi. Sitaki fidia, wala sitaki mtu atukanwe. Naomba useme hivyo mara moja tu, saa ile ile uliyosema lile la kwanza. Nitakuwa nasikiliza."

Kwa mume, kwa mdogo wake, kwa binti yake: poleni sana. Sina haki ya kuwaomba msamaha nikiwa nimejificha nyuma ya kipaza sauti, nitakuja kuwaomba ana kwa ana. Nawe msikilizaji, kama kuna mtu unajua ulimsingizia, mfuate leo, angali anaweza kukujibu.

Sasa ni saa nne na dakika kumi, asubuhi. Mama Taratibu hakuliharibu gauni lile. Nimesema, na aliyeniomba niseme hasikii.