Barafu Chini ya Kibofu

Kwenye benchi la Anatolia, muuza kahawa wa njia panda ya Nyabiyonza, kahawa ya birika huchemka kabla habari hazijafika. Asubuhi ile ya mwaka tisini na tatu, habari ilitangulia. Gosbert, wanayemwita Redio, alifika akihema, na Celestin, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi, alipoisikia akajuta kuja. Juzi daktari wa hospitali ya Nyakahanga alimwambia ana kansa ya tezi dume. Aliyejua ni mkewe tu.

— Waitu, jamani, redioni wanasema Ulaya wanagandisha wanaume, Redio akasema.

— Wanawagandisha wapi? akauliza Mbonimpa, ambaye kwa kujua kila kitu wamembatiza Profesa.

— Hapo hapo. Tezi la chini ya kibofu. Likiingia kansa wanachoma sindano, wanapitisha baridi kali, macho ya daktari yakiwa kwenye mashine ya picha. Tezi linakuwa barafu tupu.

Benchi zima likabana mapaja.

— Mtu mzima anagandishwa kama sangara, Profesa akasema. Na wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Huyo si ameshakauka?

— Sasa akikojoa? mmoja akauliza.

— Anakojoa mvua ya mawe, Profesa akajibu. Friji la misheni la mafuta ya taa mmeliona? Utambi ukizimika, vya ndani vinaoza. Na huyu atatiwa utambi, mkewe awe anamjazia mafuta kila jioni.

— Mimi nife na tezi langu, Redio akasema. Mwacha asili ni mtumwa, na asili ya mwanaume ni joto.

Celestin alitaka kucheka nao, kicheko kikagoma. Alishaamua moyoni kwamba hospitali harudi, kijiwe kisije kikamcheka naye.

— Shikamooni.

Alikuwa Speciose, mkewe, na kikapu cha nguo mkononi. Alikuwa amesimama nyuma yao kitambo.

— Marahaba, shemeji.

— Huyo mgonjwa wa redioni, alipona?



— Nilizima, Redio akasema polepole. Niliposikia barafu tu, nikakimbilia huku.

— Kwa hiyo hamjui.

— Hatujui, shemeji.

— Basi sisi tunakwenda kumwuliza daktari. Baba Vestina, inuka, gari la Nyakahanga linaondoka.

Wote wakakitazama kikapu, kisha wakamtazama Celestin. Kahawa ikammwagikia Profesa magotini asiisikie. Celestin aliinuka.

Redio akachukua kikapu mkononi mwa Speciose, akatangulia kwenye gari.