Mwalimu Dadu na Chumba Kilichofungwa

Ndugu zetu mliokuja kumsindikiza, marehemu kaka yetu, ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Dadu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yetu, fundi seremala, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne.

Alianza shule ya msingi mwaka 1986, akaendelea na sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, alikohitimu shahada ya takwimu Novemba 2004, na tarehe 10 Januari 2005 akaajiriwa katika sekondari ya kutwa iliyo jirani na hapa. Tarehe 6 Septemba 2008 alifunga ndoa na shemeji yetu, mshonaji, wakajaliwa mabinti wawili.

Takwimu iliwatoa wanafunzi jasho, walikariri fomula kama kasuku, ndipo akawaletea kurasa za mtandaoni, mtoto anaburuta nukta kwa kidole na kuuona wastani ukihama laivu, anabofya mara moja dadu inarushwa mara elfu, grafu inajichora mbele ya macho yake, na waliokuwa wakilala darasani wakaanza kugombania viti vya mbele. Tarehe 3 Mei 2023 mkaguzi aliingia, akakuta darasa zima likipiga kelele, “Sita! Toa sita!”, hakuuliza, akaandika kuwa mwalimu anafundisha kamari, chumba cha kompyuta kikapigwa kufuli, kaka akasimamishwa kazi kupisha uchunguzi, uchunguzi ambao hadi leo hauonekani hata kwa darubini.

Kila asubuhi alinyoa ndevu, akafunga tai, akakaa kando ya cherehani kusubiri simu ya kurudishwa kazini, shemeji akamsihi, baba watoto, vua hiyo tai, hawapigi hao, naye akajibu kwamba uwezekano mdogo si sifuri.

Februari 2024 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala, na tarehe 19 Aprili, asubuhi, katika wodi ya wanaume, aliuliza kama simu imeita, akaambiwa bado, akafumba macho.

Madaktari na wauguzi, mlimpigania, asanteni, majirani mliompeleka hospitali na kulea mabinti, Mungu awalipe, walimu wenzake, asanteni kwa kuja, ingawa mngejitokeza hivi siku ya kumtetea tungekuwa tumekaa naye sasa. Na wewe mkaguzi, kama umo humu, pole yako baki nayo, sisi tupe ufunguo wa kile chumba, watoto wana mtihani.

Pumzika, kaka, kwa amani waliyokunyima.