Omwenga Machogu, Mtu Mmoja mwenye Makaburi Mawili

Wapendwa waombolezaji, kabla ya yote tulieni. Mmeingia bomani mkaona makaburi mawili, moja kulia kwa nyumba na lingine nyuma, karibu na jikoni, na minong'ono imeshafika barabarani kwamba familia imepata msiba wa pili. Hapana. Aliyefariki ni mmoja, Mzee Omwenga Machogu. Mama Nyangate, mjane wake, ndiye yule ameketi pale mbele akiwa mzima, ingawa tangu Jumatano hajui kichwa kiko wapi wala miguu iko wapi. Programu mliyo nayo mkononi ilichapishwa mambo yakiwa bado yamenyooka. Anayesoma ni Okemwa, mtoto wa dadake marehemu, na Mama amemwomba aeleze kila kitu bila kuficha, ili watu wakitoka hapa wasiende kutunga yao.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1957 huko Tabaka, mtoto wa pili wa Mzee Machogu. Mvua ilikuwa imeanza na mamake alikuwa akipanda wimbi. Alimaliza mstari aliokuwa nao, ndipo akaenda kujifungua. Mdogo wake Mogire, ambaye yuko nasi leo, alizaliwa miaka mitatu baadaye, kitandani, kama watu wengine.

Alisoma shule ya msingi pale pale kijijini kuanzia mwaka 1965, akarudia darasa la nne, akamaliza la saba mwaka 1972. Inasimuliwa kwamba siku moja mwalimu aliwaambia wachore ng'ombe. Omwenga akachora zizi na nyasi zilizoliwa zikabaki vishina. Mwalimu akauliza, "Na ng'ombe yuko wapi?" Akajibu, "Ameenda kunywa maji, mwalimu." Mwalimu akashindwa achape au acheke, mwishowe akafanya yote mawili.

Baada ya shule aliingia machimbo ya mawe pamoja na babake, akajifunza kupasua, kuchonga, na kusugua jiwe kwa msasa na maji mpaka ling'ae. Mikono yake ilikuwa na baraka, hilo halina ubishi. Kichwa chake ndicho kilichokuwa na mambo yake. Mvua ikinyesha tu, anaweka patasi chini anakwenda kupanda maharagwe. Kuna mwaka alianza kuchonga mnyama wakati wa kiangazi, masika yakamkuta njiani, na aliporudi kwenye lile jiwe mwezi wa saba hakukumbuka kama lilikuwa tembo au kiboko. Akalimalizia hivyo hivyo. Mfanyabiashara aliyelinunua alirudi kuulizia "ule mnyama mwingine," na marehemu akamwambia kwa upole kwamba hata yeye angependa kumjua.

Mwaka 1986 alikwenda soko la Daraja Mbili na gunia la vinyago. Hakuuza hata kimoja. Badala yake alisimama mbele ya binti mmoja wa Gesima aliyekuwa akiuza ndizi na miche ya maua, akamuuliza ua lile linapenda kivuli au jua. Binti akasema jua. Akauliza, "Na wewe?" Huyo ndiye Nyangate. Mpaka leo anasema hakujua ajibu nini, na kwa kutojua huko ndivyo alivyoolewa. Walifunga ndoa kanisani tarehe 21 Desemba mwaka huo huo, wakajaliwa Linda, Anyona na Valentine.

Mwaka 1991 walinunua shamba hapa Gesima, karibu na kwao mke. Ai, watu walisema! Kwamba Omwenga ameolewa, kwamba anabeba mawe kwa lori kutoka Tabaka kana kwamba Gesima hakuna mawe. Hakujibu mtu. Alipanda chai kwenye mteremko kama majirani, na karibu na nyumba akatenga sehemu mbili, moja ya kuchongea na moja ya maua na mboga za kienyeji, managu na chinsaga. Sasa hapa sikilizeni vizuri, maana ndipo mkanganyiko wote ulipotoka. Kila Januari alikuwa anazibadilisha. Palipokuwa na maua anahamishia mawe, palipokuwa na mawe anapanda maua. Alisema ardhi ikiachiwa kazi moja inazubaa, na mtu vilevile. Alisema unga wa jiwe ni chakula cha udongo. Nyangate alibeba mawe na miche kila mwaka, akiuliza, "Baba Linda, kwani palikuwa na ubaya gani?" Naye, "Ubaya haupo. Wacha tuone." Wakati wa mvua alisema jiwe halina haraka, mboga ndiyo ina haraka. Wakati wa kiangazi akasema mboga itajitafutia, jiwe ndilo linaita. Nyangate alishika yote mawili na hakuna siku alijua leo ni lipi.

Mwaka 2022 kikohozi kilianza. Daktari alimwambia ni vumbi la mawe, aache kuchonga. Aliacha wiki ya kwanza tu. Mwezi wa tisa mwaka huu alilazwa hospitalini mjini Kisii, na Jumatatu tarehe 3 Novemba 2025, saa nne asubuhi, alituacha akiwa ameshikwa mkono na mkewe.

Sasa makaburi. Jumatano wiki hii familia iliketi, na wote tukakubaliana: mtu aliyependa maua hivi, azikwe kwenye maua. Mwaka huu maua yako nyuma, karibu na jikoni. Vijana wakachimba. Jioni Linda akafika kutoka Nairobi, akaona shimo, akapiga yowe. "Mnafanya nini? Baba aliniambia kwa simu, mwaka jana Aprili, 'Mkinizika, msinizike kwa maua!'" Haiya. Tukasimamisha kazi. Hapo Mama naye akakumbuka kwamba mwezi uliopita, pale hospitalini, marehemu alimwambia, "Nyangate, nilaze kwa mawe." Tukapumua. Si maua, ni mawe, na mawe yako kulia kwa nyumba, mahali ambapo desturi yetu humweka mwanamume mwenye boma. Jana vijana wakachimba la pili, wakiguna.

Leo asubuhi, tukinywa chai, Mzee Mogire akaweka kikombe chini. "Ngojeni kidogo," akasema. "Mwaka jana Aprili, maua yalikuwa wapi?"

Jamani! Mwaka jana maua yalikuwa kulia, hapo mawe yalipo sasa. Yaani mahali alipomkataza Linda ndipo hapo hapo alipomwomba mkewe. Linda akaanza kulia, akisema, "Sasa ni mimi nimedanganya?" Valentine akasema pengine alikataza maua, si mahali. Anyona akauliza kama alijua mawe yangehama tena Januari. Kila mtu alikuwa na hoja na kila hoja ilipinga nyingine, na leo ni Ijumaa, sisi Wasabato jua haliwezi kutuchwea Sabato ikiingia huku mwili uko juu ya ardhi.

 Baadaye Mama Nyangate alimweleza anayesoma haya kilichokuwa moyoni mwake. Alikuwa anaogopa. Aliogopa kwamba mume wake alisema jambo rahisi, la mwisho, na yeye peke yake aliyelala naye miaka yote hiyo hakulielewa. Aliogopa kumlaza mahali alipokataa, halafu aishi akipaangalia.

Akamgeukia Linda. "Siku hiyo ya simu alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anapalilia, mama. Alisema watu wa matanga watakanyaga miche."

"Na mimi aliniambia akiwa amelala, hajashika jiwe mwezi mzima, analitamani." Akaanza kucheka, na machozi yakitoka. "Woi, Omwenga! Kumbe hata wewe ulikuwa hujui. Ulikuwa unajibu vile mikono yako inavyotaka. Na mimi nikidhani mjinga ni mimi!"

Kisha akainuka, akaenda kusimama kando ya kaburi la nyuma. "Hapa," akasema.

Mogire akapinga, na si kwa ubaya. "Shemeji, mwanamume mwenye boma hazikwi nyuma ya jikoni. Watu watasema nini?"

"Walisema alipohamia Gesima. Walisema alipobeba mawe. Waseme na leo, wakamilishe. Hakusema anataka wapi, Mogire. Kwa hivyo mimi ndiye nasema ninachotaka. Mlango wa jikoni unatazama hapa. Kila asubuhi nikiwasha moto nitamwona, na sitauliza tena mtu yeyote amelala wapi."

 Mzee Mogire akachukua panga, akaenda migombani, akakata shina la mgomba, akalilaza ndani ya lile kaburi la kulia, maana shimo la kaburi kwetu haliachwi tupu. Akalifukia mwenyewe, hakukubali kusaidiwa. Ndilo lile mnaloliona limejazwa udongo. Msiogope, ni mgomba.

Marehemu ameacha mjane, Nyangate, watoto, Linda, Anyona na Valentine, wajukuu watano, mdogo wake, Mogire, nasi wapwa na jamaa wa Tabaka na Gesima. Wimbo ukiisha tutaelekea nyuma ya nyumba, Mama akitangulia. Tafadhali tupite pembeni ya miche.

Pumziko la amani likushukie, Mzee Omwenga. Mke wako amekuchagulia mahali, naye atakuwa hapo jikoni.