Marehemu Arvid Tollefson na Bunduki Iliyomkwamia

Marehemu Arvid Tollefson, fundi bunduki wa hapa Harlow Fork, Montana, alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 katika shamba la ngano la wazazi wetu, Nels na Borghild. Yeye alikuwa kifungua mimba. Mimi Delores, ninayewasomea haya, ni kitinda mimba, na nilisingiziwa kila alichokivunja.

Alisoma hapahapa na kumaliza sekondari mwaka 1967. Masomo hayakumshinda, ila vitasa vya madarasa alivifungua vyote kuona ndani kuna nini. Kisha alijifunza ufundi wa bunduki huko Colorado, na mwaka 1972 akafungua karakana nyuma ya nyumba.

Wengi mlioketi kwenye mabenchi haya mnazo bunduki alizowatengenezea, na sheria yake mnaijua. Bunduki haikutoka karakanani mpaka mwenyewe aipige mbele yake bila kukwama. "Ikinitii mimi haitoshi," alikuwa akisema. "Kwani huko mlimani utakwenda na mimi?" Wenye haraka waliondoka mikono mitupu, wakanuna, wakarudi.

Tarehe 15 Juni 1974 alifunga ndoa na Lorna Rasmussen katika kanisa hili, wakajaliwa binti mmoja, Karin. Lorna alimzidi shabaha. Arvid alilikiri hilo kila mahali isipokuwa mbele ya Lorna.

Mwaka 2020 alijitengenezea bunduki yake mwenyewe, baada ya miaka yote ya kuwatengenezea wengine. Kitako, kile cha kuegemeza begani, alikichonga kwa ubao wa ule mti wa mjozi uliokuwa uani kwa baba. Ilikuwa nzuri, na ikamwaibisha. Alipiga risasi ya kwanza, akavuta nyuma komeo, kile chuma cha kupakilia, kutoa ganda, akalisukuma komeo mbele, na kumbe risasi ya pili imebaki chini kwenye magazini. Haikuwa kila mara, na hilo ndilo lililomtesa. Akabadilisha springi. Akalaumu mafuta kuganda kwa baridi, akayafuta yote. Akalaumu risasi. Akanilaumu hata mimi, eti nilisimama nyuma yake.

Siku moja ya Oktoba Lorna alichoka kutazama.

"Hebu lete hapa, baba Karin."

Akapiga, akavuta, akapiga, mpaka magazini ikaisha.

"Tena," alisema Arvid.

Akarudia. Haikukwama.

"Bunduki yako nzima," Lorna alimwambia taratibu. "Ni wewe huvuti mpaka mwisho. Mkono haufiki."

"Unafika."

"Haufiki, mume wangu. Na jana kikombe kilikuponyoka."

Komeo lisipovutwa hadi mwisho haliichukui risasi inayofuata. Hilo alikuwa amewaambia wateja maisha yake yote. Tarehe 18 Novemba madaktari wa Billings walisema ni ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, na kwamba hauna tiba. Roho iliniuma, na inaniuma hata sasa.

Majira yale ya baridi, mkono ukiwa na nguvu kidogo bado, alikibana kile kitako mezani ili akifupishe. Lorna ni mfupi, kama mnavyomwona. Akashika msumeno.

"Usikikate, Arvid. Ni cha kwako."

"Mama Karin, sheria ni sheria. Bunduki ni ya yule inayemtii."

Akakikata.

Novemba 2021, msimu wa kuwinda, tulimpeleka kwa gari hadi malishoni, kioo tukakishusha. Ulimi wake ulikuwa umeshakuwa mzito kwa maradhi. Lorna alisimama kwenye uzio, hatua chache mbele yetu. Risasi ya kwanza alimkosa kulungu. Tukasikia komeo likirudi hadi mwisho, kisha likienda mbele. Kabla ya mlio wa pili, Arvid alinishika mkono.

"Imeingia," alisema.

Alifariki nyumbani kwake tarehe 11 Aprili 2022, Lorna akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane wake Lorna, binti yao Karin na mumewe Todd, wajukuu wawili, mimi dada yake, na bunduki moja yenye kitako kifupi ambayo haijakwama hata leo.

Pumzika kwa amani, kaka yangu.