Miguu ya Millaray

Benchi la mbele ya duka la mikate, Punta Arenas, kusini kabisa mwa Chile, halikosi watu hata upepo ukitaka kung'oa mabati. Asubuhi hiyo ya Julai jua lilichungulia kidogo tu, limepoa kama chai iliyosahaulika. Mzee Eleuterio alikaa na mjukuu wake Millaray, wa miaka miwili, aliyefungwa nguo za sufu hadi puani. Mtoto aliposhuka kutembea, aliyumba kama bata. Miguu ilikuwa imepinda kwa nje.

— Mlimsimamisha mapema, akaamua Herminda, waliyemwita Redio, huku akimimina kahawa. — Mifupa ilikuwa bado uji.

— Mapema wapi! akadakia mzee waliyemwita Kondoo, mkata manyoya mstaafu. — Ni upepo huu. Huoni miti yetu ilivyopinda?

— Miti imepindia upande mmoja, we Kondoo. Mtoto kapinda pande mbili!

— Basi upepo wa kwenda na wa kurudi.

Wakaangua kicheko. Eleuterio alicheka nao, lakini macho yake hayakutoka kwenye miguu ya mtoto.

— Ukoo wetu wa wapanda farasi, akasema. — Marehemu baba alikuwa hivi hivi.

— Kwa hiyo huyu kazaliwa na tandiko? akauliza Redio.

Mwanamke mmoja akatoka dukani na mkate wa moto. Alikuwa Yusmary, mpangaji mpya mtaani, aliyetoka Venezuela. Akachuchumaa, akammegea mtoto kipande.

— Na daktari kasemaje, babu?

Kondoo akakazia macho buti zake. Redio naye, kwa mara ya kwanza, akazimika.

— Sijampeleka, Eleuterio akasema mwishowe. — Mama yake yuko baharini, meli ya samaki. Kaniachia mwanawe. Niliogopa kuambiwa nimeshindwa kulea.

— Aa, babu! Mtoto anakung'ang'ania hivi, nani atasema hujui kulea? Twende, nawasindikiza.

Wakaenda. Daktari alimpima damu, akampiga picha za mifupa.

— Ni matege, mzee. Mifupa imekuwa laini kwa kukosa vitamini D. Jua letu la kipupwe halitoshi, na watoto tunawafunika. Si kosa lako. Mpe matone haya kila siku, na maziwa. Bado mdogo, itanyooka.

Eleuterio alitaka kushukuru. Akaishia kumfuta mtoto kamasi.

Mwezi wa Novemba meli ilifunga gatini. Mama alipotokea pembeni mwa mtaa na begi lake, Eleuterio aliuachia ule mkono mdogo.

— Haya, nenda kwa mama.

Millaray akatimua mbio, bado akiyumba kidogo. Benchi zima likasimama.