Injini ya Kawangware, Frem ya Kibera

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Bwana Chifu, Sheikh wetu na Mchungaji wetu mlioketi bega kwa bega, wazee wa Makina, akina mama wa Kisumu Ndogo, na ninyi vijana wa boda boda kutoka Kawangware mliofika hata kabla ya viti, hamjambo nyote?

Mimi ni Eddah Shivachi, mwalimu mstaafu, mke wa Phanuel, yule mzee mwenye kofia anayejifanya hanisikii. Nimeombwa nifungue banda hili la pikipiki za zamani za motokrosi, zile zilizoundwa kuruka matuta na kula matope. Wenye banda ni wawili: Saadia Abdulhamid wa hapa Kibera, na mume wangu. Mkiwaona leo wameketi pamoja mtadhani wamekuwa marafiki siku zote. Hawakuwa.

Ile nyekundu mnayoiona katikati ni Maico, ya Ujerumani, ya miaka ya sabini. Mmiliki wake wa kwanza alipoihama nchi, iliuzwa vipande vipande. Saadia aliikuta frem yake hapa chini Kisumu Ndogo, Mama Apiyo ameitandikia wavu, anaanikia dagaa wake wa omena juu yake. Phanuel naye aliikuta injini Kawangware, kwa kinyozi, inazuia mlango usifungwe na upepo. Kila mmoja akabeba chake nyumbani kama aliyepata mtoto.

Basi wakajuana. Na walipojuana, amani ikaisha. Saadia alikuwa akija kwetu, anakunywa chai, anauliza hali ya watoto, anasifu chapati zangu, halafu anaomba auziwe injini. Phanuel anajibu kwamba yeye ndiye atakayenunua frem. Chai inapoa. Mwezi unaofuata Phanuel anakwenda Kibera, analishwa vizuri na Saadia, anarudi mikono mitupu. Miaka ikapita hivyo. Mnajua injini ile ilikaa wapi wakati huo wote? Chini ya meza ya sebule yangu. Akina mama wa chama changu mko hapa. Ni nani kati yenu hakuwahi kugonga mguu?

Halafu ikaja ile mvua ya masika ambayo hakuna aliyeisahau. Mto ukapanda, ukaingia katika banda la zamani la Saadia, alimoweka pikipiki zake. Habari zilipotufikia, Phanuel hakumaliza chai. Aliwaita vijana hawa, wakakodi mikokoteni, wakateremka Kibera asubuhi ile ile na kuanza kuzitoa pikipiki kwenye matope, moja baada ya nyingine. Yamaha ndogo ya manjano, ya kwanza kabisa Saadia kuinunua, ilikuwa imekwenda na maji. Hatujaipata mpaka leo.

Nilikuwepo. Saadia aliziruhusu zote zipelekwe kwetu zikahifadhiwe, isipokuwa frem ya Maico. Hiyo aliishika kwa mikono miwili, akasema itabaki naye. Hakumwamini mume wangu, na mimi, nikisema ukweli, nisingemwamini pia.

Phanuel hakubishana. Tulirudi naye nyumbani, nikamwona anapiga magoti, anaivuta ile injini kutoka chini ya meza, anaifunga kwa kitambaa changu kizuri bila kuniuliza. Jioni tukarudi Kibera. Saadia alikuwa ameketi barazani kwa dadake Leila, matope yamemkaukia miguuni, frem imeegemea ukuta. Phanuel akaiweka injini mbele yake.

Akamwambia, "Saadia, ifunge kwenye hiyo frem yako."

Saadia akauliza, "Na wewe utabaki na nini?"

"Nitabaki na meza."

Saadia alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sikuweza kutofautisha. Alipojifuta uso, akamwambia hataifunga peke yake, alete spana zake.

Ndugu wageni, banda hili lilianzia pale barazani. Nani angefikiri kwamba watu wawili walionyimana kwa miaka yote hiyo wangekubali kuweka kila walicho nacho chini ya mabati mamoja, mlango wazi, mtoto wa Kibera na wa Kawangware aingie aone? Nawasifu, ingawa mmenichosha sana.

Limebaki jambo moja. Tangu asubuhi wanabishana nani ataiwasha Maico mbele yenu. Saadia anasema frem ni yake. Phanuel anasema injini ndiyo inayowaka. Wameniachia mimi uamuzi, na nimeamua. Mliponiona nimekuja na kitenge na mabuti, baadhi yenu mlicheka. Nitaikanyaga mimi.

Mheshimiwa, sogea kidogo, moshi wake hauchagui suti. Asanteni nyote kwa kunipa masikio yenu. Sasa yazibeni.